Tundu la jeti halichokonolewi kwa waya

Juni mwaka jana nilikuwa natoka porini, kusini ya Sikonge, nimefunga ndoo mbili za asali kwenye keria, pikipiki ikashindwa mwinuko. Anayeijua njia ile anajua kwamba mwinuko wenyewe hauna hata jina. Nilikuwa gea ya nne, nikashusha ya tatu, nikazungusha eksileta mpaka mwisho. Badala ya kuvuta, injini iliguna kama mtu aliyebanwa pua, nyuma ukatoka moshi mweusi. Nikairudisha eksileta kidogo, ikavuta. Nikaifungua yote tena, ikaguna. Nikaumaliza mwinuko ule na eksileta nusu, nikijiuliza ni pikipiki gani hii inayopata nguvu ukiinyima.

Ndoo ya lita 20 ikijaa asali inafika kama kilo 28, kwa hiyo nyuma kulikuwa na kilo 56. Kwa injini ya cc 150 huo ni mzigo wa kawaida, na mwaka uliotangulia ilikuwa inaubeba bila kulalamika. Nilipofika nyumbani Ipuli, Tabora mjini, nilisubiri injini ipoe, nikafungua plagi. Ilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanayopaka kidole. Plagi ya rangi hiyo inasema jambo moja: mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa inayoweza kuyaunguza. Nilikuwa pia nimeshaliona kwenye mfuko. Pikipiki iliyokuwa inanipeleka kilometa 40 kwa lita moja sasa ilikuwa inanipeleka 27. Nilijaza tangi mpaka juu mara tatu nikagawanya, nipate uhakika.

Mimi kazi yangu ni nyuki. Nilisoma chuo cha ufugaji nyuki hapa hapa Tabora, na sasa nanunua asali kwa wafugaji wa vijijini, kazi inayotaka pikipiki kuliko inavyotaka kitu kingine chochote, kwa sababu mizinga ipo porini na njia za porini ni mchanga na visiki. Chuoni tulifundishwa kupima. Asali ikizidi maji asilimia 20 inaweza kuchacha, na huwezi kulijua hilo kwa kuonja wala kwa kutazama. Unaweka tone kwenye kipimo na unasoma namba. Nimewarudishia wazee ninaowaheshimu asali yao kwa sababu ya namba hiyo. Ndiyo maana jambo la jeti, kile kipande kinachopima petroli inayoenda kwenye injini, lilinichoma nilipolielewa. Nilikuwa nimekaa pembeni, nimeshika tochi, nikamwangalia mtu akiharibu kipimo ndani ya pikipiki yangu, na nikamlipa.

Ilikuwa Machi, mvua zinamalizika. Nilikuwa nimenunua petroli ya chupa kijijini, ikawa na uchafu, pikipiki ikaanza kumisi. Fundi wa kijiweni, kijana mzuri na mwepesi wa mkono, akafungua kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, akakuta jeti imeziba. Akachomoa uzi mmoja wa chuma kutoka kwenye kebo ya breki iliyokatika, akaupitisha kwenye tundu la jeti, akausukuma huku na huku mara kama kumi. Akapuliza. Akatazama mwanga. "Tayari mama, sasa iko wazi kabisa." Kweli ilikuwa wazi. Pikipiki ikawaka kwa piga moja, nikamshukuru.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, na tundu hilo ndilo linaloamua petroli kiasi gani ipite. Kwenye kabureta za mtindo wa Keihin, chapa ya Kijapani, kama hii PZ27 niliyo nayo, namba iliyochongwa kwenye jeti kubwa inakaribia kuwa upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ya 100 ina tundu la kama milimita 1. Jeti ya 105 imezidi kwa sehemu tano tu za mia za milimita, tofauti ambayo ni vigumu kwa jicho kuiona. Lakini petroli inapita kwenye eneo la tundu, na eneo linakua kwa mraba: kutoka 100 kwenda 105 eneo linaongezeka kwa asilimia 10. Kwenda 110, asilimia 21. Chuma cha kebo ni kigumu, shaba ni laini. Msuguo wa mara kumi unaweza kukwangua hizo sehemu tano za mia, na tundu likishakwanguliwa hakuna wa kulirudisha. Namba inabaki imeandikwa 100 na ndani si 100 tena. Fundi anayefuata atasoma namba, atasema jeti ni ya kiwandani, ataanza kutafuta ugonjwa mahali pengine. Mimi nilibadilishiwa plagi mbili na koili moja kwa sababu hiyo.

Jeti ikiziba, iloweke kwenye petroli safi, puliza kwa pampu ya baiskeli, inua juani utazame. Uchafu ukigoma, tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba kuliko tundu. Nailoni haikwangui shaba. Dada yangu yuko Ujiji, alinitumia kipande cha mita mbili, nadhani kitanitosha maisha yote.

Msimu wa asali ulipoisha nikapata nafasi ya kulishughulikia. Ningeweza kununua jeti moja ya 100, niirudishe pikipiki ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba haikuwa ilivyokuwa. Eksozi ya kwanza ilioza, nikaweka nyingine iliyo wazi zaidi, na eksozi inayopumua zaidi huvuta hewa zaidi, hewa zaidi hudai mafuta zaidi. Kwa upande wa pili, Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na Oktoba jua likichoma inazidi kuwa nyepesi. Jeti ile ile inayofaa Dar itamwaga huku mafuta yanayozidi hewa iliyopo. Eksozi inasema ongeza, mwinuko wa nchi unasema punguza. Hilo huwezi kulimaliza kwa kukisia ukiwa umekaa, unahitaji jeti kadhaa mkononi uzijaribu. Nikaamua kununua seti nzima.

Mtoto wa dada yangu yuko Dar, nikamtuma Kariakoo. Pakiti ya kwanza ikaja kwa basi, nikafungua kwa furaha, jeti hazikuingia. Zilikuwa za mtindo wa Mikuni, chapa nyingine, zenye kichwa cha pembe sita, na uzi wake wa kukazia haulingani na wa kabureta yangu. Na hata kama zingeingia, namba zisingenisaidia, kwa sababu Mikuni kwa jeti za aina hiyo huhesabu kwa kiasi cha mafuta yanayopita na si kwa upana wa tundu. Mikuni 100 na Keihin 100 ni vitu viwili. Ukienda dukani, beba jeti yako ya zamani, mwenye duka aijaribu uzi kwa mkono. Nikampelekea kijana ile jeti yangu yenyewe ndani ya bahasha. Akanipigia akiwa dukani: "Mama mdogo, imeingia, wanayo seti kuanzia 90 hadi 115." Jeti kubwa kumi, jeti ndogo nne za sailensa, yaani za injini ikinguruma bila eksileta, na gasketi ya kikombe cha kabureta. Bei yake ilikuwa chini ya nilizotupa kwenye plagi na koili.

Kabla ya kugusa jeti nilihakikisha mengine yote yako sawa, na naomba msiiruke hatua hii hata kama mikono inawasha. Nilipima nafasi za valvu. Nilikagua mpira unaounganisha kabureta na injini, kwa sababu ukiwa na ufa unavuta hewa ya wizi, na hakuna jeti itakayokuja kuyasahihisha hayo. Nilifungua kikombe nikatazama floti, lile boya linaloelea kwenye mafuta, na ile sindano yake ya kufungia mafuta. Ikivuja, kabureta inafurika na utadhani jeti ni kubwa.

Halafu chujio la hewa. Wakati mmoja nilishawishiwa kuondoa boksi la chujio na kufunga lile la koni lililo wazi, linalopendwa na vijana. Lina sauti nzuri. Niliendesha nalo wiki mbili kwenye vumbi la Agosti, nikapitisha kidole kwenye mdomo wa kabureta, nikakuta unga mwekundu. Unga huo unaenda kusaga silinda. Nikarudisha boksi na sponji yake, nikaiosha na kuipaka oili kidogo kama inavyotakiwa. Kwa nchi ya vumbi kama yetu sioni sababu yoyote ya chujio wazi, na mtu akinunua seti ya jeti ili alilishe chujio la namna hiyo, namwambia bila kuficha kwamba anatengeneza injini ya kufanyiwa ovaholi.

Kufunga kwenyewe hakuna mengi. Funga koki ya tangi, mwaga mafuta ya kikombe kwa kulegeza skrubu yake ya chini, legeza klempu mbili, geuza kabureta ikuangalie. Skrubu za kikombe ni za chuma ndani ya aluminiamu, kwa hiyo bisibisi iwe ya kipimo chake, na uisukume kwa nguvu kabla ya kuizungusha, la sivyo utachana kichwa. Jeti kubwa iko katikati, ndogo iko pembeni yake, imezama. Kukaza jeti ni vidole viwili tu kwenye bisibisi, inapokaa imekaa. Nilifanyia kazi hiyo juu ya sinia jeupe, ili kitu kikidondoka kionekane.

Kujaribu ndiko kulikochukua Oktoba nzima. Kanuni niliyojiwekea: kitu kimoja kwa siku, na kila kitu kimeandikwa kwenye daftari lile lile ninaloandikia unyevu wa asali.

Inabidi kuelewa kwamba kabureta haina sehemu moja ya kurekebisha. Jeti kubwa inatawala pale eksileta inapopita robo tatu hadi mwisho. Katikati, tangu robo hadi robo tatu, anayetawala ni sindano ndefu inayopanda na kushuka na kebo. Chini ya robo, pamoja na sailensa, ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Ukiwa na tatizo la mwendo wa kati ukabadilisha jeti kubwa, umetibu goti kwa dawa ya jino. Nilibandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mshikio wa eksileta, nikachora alama za robo, nusu na robo tatu, ili nijue nina shida wapi.

Nilianza na jeti kubwa. Muuzaji wa spea mmoja hapa mjini aliniambia niweke 110 moja kwa moja, "kubwa ndiyo nguvu, mama." Nikaiweka, nimwamini kwa vitendo. Alfajiri, barabara ya Sikonge bado haina watu, plagi mpya ya D8EA, nikaifungua eksileta yote gea ya nne kwa kama kilometa moja na nusu, kisha kwa pamoja nikabana klachi na kuzima, nikaachia ijiburute mpaka isimame. Unafanya hivyo ili plagi ibaki na rangi ya mwendo ule, isichafuliwe na sailensa. Nyeusi. Na ule mguno wa Juni ukarudi kama ulivyokuwa. Kwa maneno mengine, waya wa kebo ulikuwa umenifikisha huko huko kwenye 110.

Nikaenda upande wa pili, 98, nikifuata ile hesabu ya mwinuko wa nchi. Bila mzigo ilikuwa tamu, nyepesi, karibu niishie hapo. Nikafunga ndoo mbili za maji, maana asali ilikuwa imeisha, nikaenda tena. Baada ya kilometa kumi injini ilikuwa na joto lisilo la kawaida na nguvu ikawa inakatika mwishoni. Nikavuta choki kidogo kwa mkono wa kushoto huku naendesha, pikipiki ikajivuta mbele. Hicho ni kipimo rahisi kuliko vyote: choki inapunguza hewa, kwa hiyo kama injini inapenda choki ikiwa ya moto, ina njaa ya mafuta. Plagi ilitoka nyeupe kama mfupa. Nyeupe inatisha kuliko nyeusi. Nyeusi inakula pesa, nyeupe inakula pistoni.

105 ilikuwa nzuri saa kumi na mbili asubuhi na nzito saa saba mchana. 102 ikawa nzuri saa zote mbili. Plagi yake ilikuwa na rangi ya hudhurungi nyepesi, kama chai yenye maziwa mengi, chini kabisa kwenye shingo ya kigae chake cheupe, ambako ndiko kwa kutazama. Nilikaa pale kando ya barabara nimeishika plagi ile kwa kitambaa kwa muda mrefu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli ya mkaa akasimama. "Mwanangu, imekufa?" Nikamwambia hapana baba, imepona. Akaitazama plagi, akanitazama mimi, akaniombea safari njema.

Ikabaki katikati. Kwenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa, eksileta karibu nusu, ilikuwa inasita na kuvuta, inasita na kuvuta, na nikifunga eksileta ghafla eksozi inapiga vipasuo. Dalili za mchanganyiko mwepesi, na mahali pake ni sindano. Sindano ina mifereji mitano kichwani na klipu ndogo. Hapa wengi wanajichanganya: ukishusha klipu mfereji mmoja, sindano yenyewe inapanda, inaacha nafasi zaidi, mafuta yanaongezeka. Nikaishusha kutoka wa tatu kwenda wa nne. Kusita kukaisha, vipasuo vikabaki vya mbali.

Jeti ndogo nilijaribu 40, sailensa ikawa nzito na inanuka petroli, nikarudisha 38 iliyokuwemo. Vipasuo vilivyobaki vilimalizwa na skrubu ya mchanganyiko. Kwenye kabureta yangu iko upande wa injini, kwa hiyo inatawala mafuta, kuifungua ni kuongeza. Ikiwa upande wa chujio inatawala hewa, na hapo mambo yanageuka, kuifungua ni kupunguza mafuta. Tazama iko wapi kabla ya kuizungusha. Nilitafuta pale sailensa inapopanda juu kabisa na kutulia, nikaishia mzunguko mmoja na robo tatu.

Mwisho wa Oktoba nilijaza tangi tena mpaka juu. Kilometa 38 kwa lita, na mzigo.

Nilirudi kwa yule fundi wa kijiweni, si kwa ugomvi. Nilimpa ile jeti yake ya Machi na 100 mpya kutoka kwenye seti, nikamwambia aziinue juani, moja kila mkono. Akatazama, akabadilisha mikono, akatazama tena. Tundu la zamani lilikuwa limekuwa la yai, na mikwaruzo inaonekana. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, hizi nimechokonoa nyingi." Nilimwonea huruma, kwa sababu hakuna aliyemfundisha, yeye alifundishwa na aliyefanya hivyo hivyo. Nikamkatia nusu mita ya ule uzi wa Ujiji. Akaufunga kwenye kishikizo cha boksi lake la spana, pale ambapo kebo ya zamani ilikuwa inaning'inia.

Sasa Juni nyingine iko mlangoni. Asubuhi za Sikonge mwezi huo ni baridi, na hewa ya baridi ni nzito, huenda 102 ikaonekana ndogo. Ile 105 nimeiweka kwenye kichupa cha dawa pamoja na bisibisi fupi na plagi mpya. Mara ya kwanza nikirudi na ndoo mbili nitasimama mahali pale pale kwenye mwinuko, nizime, niifungue plagi niitazame.